Kutoka Ubao wa Bei Hadi Mfumo wa Fedha: Kisa cha Ghala Moja la Mpunga, Bonde la Usangu

Kisa hiki nimekishuhudia kwa misimu sita nikiwa mshauri wa hesabu wa kampuni inayohusika. Wenyewe wameniruhusu kukiandika kwa ajili ya kufundishia, kwa sharti kwamba kampuni, kijiji na watu wasitambulike. Nimebadilisha vitu vidogovidogo vinavyoweza kumfichua mtu. Mfuatano wa mambo na sababu za maamuzi nimeviacha vilivyo.

Vijana wengi wanaonifuata Mbeya mjini wakitaka kuanzisha kampuni ya teknolojia ya fedha huja na programu ya simu mkononi na kuniuliza wateja watapatikana wapi. Hawa walianza na ubao na chaki, na wateja walikuwa wamekwisha kupanga foleni getini.

Mazingira

Usangu ni nchi ya mpunga. Mito inayoteremka kutoka milimani kwenda Ruaha Mkuu ndiyo inayojaza majaruba ya Mbarali, na mavuno huanza Mei hadi Julai. Kila mtu anavuna wakati mmoja, kila mtu ana madeni, kwa hiyo kila mtu anauza na bei inaanguka. Ikifika Desemba na Januari bei imepanda, lakini mkulima mdogo hana tena cha kuuza, na huo ndio wakati wa ada za shule, mbolea na kulima. Wengine hufika mahali pa kuuza mpunga ungali shambani.

Kampuni ninayoizungumzia ina wanahisa kumi na mmoja: wakulima wakubwa na wenye mashine za kukoboa. Wana ghala mbili na uwanja kando ya barabara kuu iendayo Zambia. Mkulima analeta mpunga na kuuhifadhi, na wanunuzi wanakuja na fuso kutoka Dar es Salaam, Iringa, hata Tunduma. Kampuni inatoza ada ya stoo kwa gunia, na ada nyingine ndogo gunia linapouzwa. Yenyewe hainunui mpunga. Hilo liliandikwa kwenye katiba yao tangu mwanzo kwa shinikizo la mzee mmoja, mwenyekiti wa kwanza, aliyesema kwamba mwenye uwanja akicheza mpira, refa hayupo.

Ukitazama vizuri, hilo ni soko la mitaji kwa umbo la gunia. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilipofungua milango Aprili 1998 likiwa na kampuni moja tu iliyoorodheshwa, TOL ya gesi za viwandani, lilikuwa na kazi zilezile: kuwakutanisha muuzaji na mnunuzi, kuifanya bei ionekane na wote, kuweka kumbukumbu ya nani anamiliki nini, na kuhakikisha malipo yanakamilika.

Ubao

Meneja aliyeajiriwa msimu wa kwanza alikuwa mwanamke wa makamo aliyewahi kuwa karani wa ushirika. Alichokikuta getini ni madalali. Kila mkulima aliambiwa bei yake, kimya kimya, akiwa ameshikwa bega. Wawili waliotoka kijiji kimoja wangeweza kuuza siku moja kwa bei mbili, kila mmoja akidhani kapata.

Alinunua ubao. Kila gunia lililouzwa, bei yake iliandikwa hapo kwa chaki pamoja na saa. Aliandika bei iliyokwisha kulipwa peke yake, bei ya kutumaini haikuandikwa kabisa. Madalali walikasirika kwa wiki tatu hivi, kisha nao wakaanza kupita asubuhi kuusoma.

Nilipomweleza kwamba Nasdaq, soko la hisa la Marekani, ilipoanza Februari 1971, ilikuwa kitu cha namna hiyo, alicheka kwa furaha. Ilikuwa mtandao wa kompyuta wa kuonyesha bei za mawakala waliotawanyika, biashara yenyewe wakiendelea kuifanya kwa simu. Baadaye sana ndipo mtandao ule ukawa soko kamili, na baadaye zaidi ukawa kampuni inayowauzia wengine mitambo ya masoko. Kwanza watu walijenga mazoea ya kuangalia sehemu moja.

Mizani, na kilo 23 zilizopotea

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wengi hupaharakisha.

Msimu wa pili walitupa debe na plastiki wakanunua mizani ya digitali yenye kioo kikubwa kilichoelekezwa kwa mkulima. Lumbesa, ule ujazo wa kupita mdomo wa gunia, ikafa uwanjani humo kwa siku moja, maana gunia likiwa na kilemba au bila kilemba, kilo ni kilo. Kijana aliyemaliza chuo akatengeneza mfumo mdogo kwenye kompyuta, na kila mkulima akaanza kupokea meseji, hata kwenye simu ya kitochi: "Magunia 12. Kilo 984. Ghala 2."

Wakafurahi mpaka Desemba. Wakulima walipokuja kuuza, mzigo ulipimwa tena na kilo zikapungua. Mzee mmoja aliyeleta kilo 1,000 alikuta 977. Alisimama mbele ya mizani akiwa ameshika simu yake, meseji ya Juni imefunguliwa, akasema kwa sauti ambayo uwanja mzima uliisikia, "Mmenila kilo 23, na ushahidi mmeniandikia wenyewe."

Hakuna aliyemwibia. Mpunga ulioingia na unyevu wa asilimia 16 ukikaukia ghalani hadi asilimia 14, ambao ndio unyevu salama wa kuhifadhia, kilo 1,000 zinabaki takriban 977. Ni maji yaliyoondoka. Lakini meseji haikusema habari za maji, kwa hiyo kwa haki kabisa mzee alikuwa na madai.

Meneja alifanya uamuzi ambao wanahisa waliuona wa kipuuzi: msimu ule kampuni ililipa tofauti ya kila mkulima, kisha ikanunua kipima unyevu. Kuanzia hapo meseji ikawa na namba mbili, kilo za siku hiyo na kilo zitakazohesabiwa mpunga ukishakauka. Mkulima aliambiwa kabla hajatoka getini. Alikubali, au alianika turubaini siku mbili zaidi.

Mwenyewe niliandika fedha zile kwenye hesabu kama hasara, na leo naona nilikosea. Ndiyo siku kumbukumbu ya ghala lile ilipogeuka kitu ambacho benki ingeweza kukikopeshea.

Fedha kupita kwenye simu

Wanunuzi walikuwa wakija na fedha taslimu kwenye mifuko ya salfeti, na barabara ile ina historia yake. Msimu wa tatu wakaamua mnunuzi alipe kwa benki au kwa simu, na mfumo ugawe: ya mkulima kwa mkulima, ya stoo kwa stoo, ya kuli kwa kuli.

Swali lilikuwa nani ashike fedha kati ya kulipwa na kugawanywa. Wanahisa walitaka ziingie kwenye akaunti ya kampuni, walau kwa siku mbili tatu. Meneja alikataa. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015 inataka anayeendesha huduma ya malipo awe na leseni ya Benki Kuu, na wao hawakuwa na mtaji wala watu wa kuibeba. Wakaingia mkataba na benki. Fedha zilikaa kwa benki, na mfumo wao ulitoa maelekezo tu kwamba mzigo namba fulani umetoka, mlipe fulani.

Hakukuwa na utukufu wowote katika uamuzi huo, na faida ilikuwa nyembamba. Lakini hakuna mkulima aliyewahi kulala akijiuliza kama kampuni imekula fedha zake, kwa sababu hazikuwahi kuwa mikononi mwa kampuni.

Siku mfumo uliposimama

Juni, msimu wa nne, fuso zaidi ya ishirini zikiwa zimejipanga mpaka barabarani, mtandao ulianza kukatika na kurudi. Kila uliporudi, mfumo ulituma upya maelekezo yaliyokwama. Kufikia saa nane mchana baadhi ya wakulima walikuwa wamelipwa mara mbili kwa mzigo mmoja na wengine mzigo wao umeondoka bila malipo.

Meneja alisimamisha mauzo. Wanunuzi walipiga honi, mmoja akatishia kuhamia uwanja wa jirani. Aliagiza geti lifungwe, akatoa daftari la kurasa mia nne alilokuwa akilitunza kabatini, na karatasi za salio zilizochapwa jana yake jioni. Hizo zilichapwa kila jioni kwa amri yake, na vijana walikuwa wakinung'unika kuhusu wino. Wakakaa mezani chini ya mwembe mpaka saa nne usiku, mkulima mmoja baada ya mwingine, karatasi ya jana, kuponi ya mizani ya leo, ujumbe wa simu. Waliolipwa mara mbili wengi walirudisha wenyewe. Wasiolipwa walilipwa kesho yake kutoka akiba ya kampuni.

Tarehe 18 Mei 2012, siku hisa za Facebook zilipoanza kuuzwa, mfumo wa Nasdaq ulikwama kwenye mnada wa ufunguzi. Mauzo yalichelewa, na mawakala kwa saa kadhaa hawakujua kama wamenunua au la. Mwaka uliofuata mdhibiti wa masoko wa Marekani aliitoza Nasdaq faini ya dola milioni 10, na sehemu ya lawama ilikuwa kwamba viongozi waliamua kuendelea na biashara bila kuuelewa mkwamo. Simlinganishi meneja wetu na mtu wa New York. Ninachosema ni kwamba alipolazimika kuchagua kati ya foleni na ukweli wa kumbukumbu, hakuyumba.

Majirani wanauliza bei

Baada ya siku ile, wenye viwanja vitano vingine vya bondeni walikuja, mmoja mmoja, kuuliza kama wanaweza kuutumia mfumo kwa kulipia kila mwezi.

Mkutano wa wanahisa ulikuwa mkali. "Unampaje jirani kisu, halafu unalala mlango wazi?" aliuliza mmoja. Hoja yake ilikuwa ya kweli: wakulima walikuja kwao kwa sababu ya mizani na meseji, na jirani akiwa navyo wangeweza kwenda kwake.

Nilipoombwa maoni nilieleza habari za OM, kampuni ya Stockholm, Sweden. Olof Stenhammar aliianzisha 1985 kama soko la mikataba ya hisa, na haikupita miaka mingi ikawa inawauzia masoko ya nchi nyingine mfumo wake wa kompyuta. 1998 ililinunua soko la hisa la Stockholm lenyewe, na 2008, ikiwa imeshakuwa OMX, iliungana na Nasdaq. Tangu hapo Nasdaq imekuwa ikiviuzia mitambo vyombo ambavyo vingine ni washindani wake. Uwanja mmoja una ukomo wa magunia. Mfumo unaweza kuhesabu magunia ya wengine.

Wakakubali, kwa sharti kwamba taarifa za kila ghala zikae peke yake na mtu wa uwanja wetu asione bei wala wateja wa jirani. Kijana wa mfumo akahamishiwa chumba kingine, na kampuni ndogo ikasajiliwa. Ndani ya misimu miwili ada za mfumo zilizidi ada za uwanja. Wenye ghala walikuwa wamegeuka kampuni ya teknolojia huku buti zao zikiwa na matope yaleyale.

Mkopo wa Januari

Benki ile ile ya malipo ilipoona miaka mitatu ya kumbukumbu ilikubali kuwakopesha wakulima kwa dhamana ya mpunga ulioko ghalani. Kabla ya hapo kampuni ilitafuta leseni ya ghala moja chini ya Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya 2005, ili hati ya mkulima iwe na nguvu kisheria. Benki ilitoa sehemu tu ya thamani ya mzigo, ili bei ikishuka deni lisiumeze. Mkulima alilipa ada ya shule Januari bila kwenda kwa wakopeshaji wa riba kubwa, kausha damu, akauza Machi, deni likakatwa kwenye mauzo.

Baadhi ya wanahisa walitaka kukopesha wenyewe. Hilo lingehitaji leseni ya daraja la pili chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, na meneja nami tulilipinga. Tulishinda kura hiyo na kurudi nyumbani tumeridhika. Shimo lilikuwa upande mwingine.

Bodi ilikuwa ikipokea kila wiki ripoti ya mikopo: jina, magunia, deni, tarehe ya mwisho. Hakuna aliyeuliza bodi inaihitaji kwa kazi gani. Iliwekwa kwa sababu ilikuwa rahisi kuiweka.

Mwezi Februari mjane mmoja mwenye magunia 18 alikuja ofisini kwa meneja. Hakuwa na hasira. Alikaa, akakunja kanga yake magotini, akauliza, "Mwanangu, yule kijana anayenunua amejuaje kwamba siku zangu zinaisha Ijumaa?"

Mnunuzi alikuwa amemfuata nyumbani Jumatano, akampa bei ya chini kuliko ya ubaoni, na kumwambia kwamba akisubiri benki itauza kwa bei ya chini zaidi. Aliuza. Meneja alipopitia mauzo ya mwezi alikuta wengine wanane waliouza kwa mtu huyohuyo, wote ndani ya siku nne kabla ya tarehe ya deni. Mnunuzi alikuwa shemeji wa mjumbe mmoja wa bodi.

Alitaka kujua nani alifungua ripoti. Hakuweza. Wajumbe wote walikuwa wakitumia nywila moja.

Matokeo

Wakulima tisa walilipwa tofauti kati ya bei waliyouzia na bei ya ubao wa siku ile. Mjumbe alijiuzulu bila kukiri. Ripoti ya wiki ilifutwa, kila mtu akapewa nywila yake, na ikapigwa marufuku kwa mjumbe au jamaa yake wa karibu kununua mzigo wenye mkopo. Fomu ya mkopo iliandikwa upya kulingana na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ikieleza nani ataona nini na kwa sababu gani.

Lakini habari ilikuwa imekwisha kufika bondeni kote, na ghala mbili kati ya tano za majirani zikajitoa kwenye mfumo. Mwenye ghala mmoja alisema jambo ambalo sikuwa na jibu lake: kama bodi yenu iliona madeni ya wakulima wenu, mtanithibitishiaje kwamba haioni ya wangu? Ukuta wa kutenganisha taarifa ulikuwapo, tena wa kweli. Hakukuwa na kitu cha kumwonyesha kwamba upo.

Uchambuzi

Mpangilio wa hatua ndio uliowabeba, na sidhani ungeweza kugeuzwa. Bei ya wazi iliwaleta watu, mizani ikawafanya waamini bei, kipima unyevu kikawafanya waamini mizani hata baada ya miezi sita. Malipo ya simu yaliegemea kumbukumbu hiyo, na mkopo ukaegemea malipo. Mtu akianza na mkopo kwenye simu, kama vijana wangu wa Mbeya wanavyotaka, anaanza ghorofa ya tano.

Kutoshika fedha za watu na kutonunua mpunga kuliwafanya wawe mahali ambapo kila upande ungeweza kuwakabidhi siri zake. Hapo ndipo hatari ilipokuwa pia, na mimi niliyewashauri sikuiona. Katiba ilikataza kampuni kununua, ikanyamaza kuhusu wanahisa na jamaa zao. Mzee aliyesema habari ya refa alifikiria magunia. Enzi zake hakukuwa na taarifa za kuiba. Kufikia msimu wa tano, mtu hakuhitaji kugusa gunia ili kumwibia mkulima, alihitaji kujua tarehe yake tu.

Tulipoiga safari ya masoko makubwa tuliiga nusu. Niliwasimulia jinsi OM ilivyouza mitambo ya biashara, sikuwasimulia sehemu ya pili. 2010 Nasdaq ilinunua SMARTS, kampuni ya Sydney iliyotengeneza mfumo wa kunusa udanganyifu sokoni. 2021 ilikamilisha ununuzi wa Verafin ya Kanada, inayosaidia benki kubaini uhalifu wa fedha, kwa dola bilioni 2.75. Ulinzi ni bidhaa wanayoigharamia na kuiuza. Kampuni yetu ilijenga mfumo mzuri sana wa kumlinda mkulima dhidi ya dalali, mnunuzi na kuli, na haikutenga hata shilingi ya kumlinda dhidi ya watu wa ofisini. Mauzo tisa kwa mnunuzi mmoja, siku nne kabla ya deni, ni kitu ambacho kompyuta ileile ingekipigia kengele kwenye tukio la tatu kama ingeambiwa iangalie. Aliyekiona ni mjane.

Kuhusu fidia, wapo wanaosema kulipa ni kukiri. Nilisikia hoja hiyo msimu wa unyevu na nikaisikia tena hapa. Mara zote mbili meneja alilipa kwanza akaandika kanuni baadaye, na sijaona ushahidi kwamba alikosea.

Hali ilivyo sasa

Ghala moja kati ya mbili zilizojitoa limerudi, baada ya kupewa haki ya kumtuma mkaguzi wake mwenyewe kuchungulia rekodi ya nani amefungua nini. Mfumo sasa unatoa orodha hiyo kila Jumatatu na kuibandika ukutani, chini ya ubao wa bei.

La pili halijarudi. Kila mwanzo wa msimu meneja huenda kumsalimia mwenye ghala. Anakaribishwa chai, wanazungumza habari za mvua na maji ya mfereji, kisha mwenyeji humfungulia daftari lake jipya, lililopigwa mistari kwa rula, na kumwonyesha jinsi linavyofanya kazi.